Daftari la Babu Mshihiri na Duka la Jumla la Mhindi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mbagala. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, kusini mwa Yemen. Alikuja Dar kwa jahazi akiwa kijana, akauza kahawa, baadaye akafungua duka Kariakoo na kumwoa bibi yangu, Mzaramo. Babu alifariki 1991 na mwaka uliofuata nyumba ya Kariakoo ikauzwa. Kila tukipita Kisutu mama husema: "Hawa Wahindi na baba yangu walikuja na upepo mmoja. Mbona wao wana maghorofa na sisi tuna kiwanja cha Mbagala?" Ni kweli walianza sawa? Mama ametunza pia daftari la duka la babu. Lina maandishi ambayo nyumbani hakuna anayeyajua, si Kiarabu wala si ya Kizungu. Nimeambatanisha picha.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianzie kwenye daftari, maana ndilo lililobeba jibu lako. Nimeikuza picha na kuitazama kwa muda mrefu. Herufi zimejikunja kama kulabu, hazina ule mstari wa juu ambao maandishi ya Kihindi huning'inia, na pembeni kuna safu mbili za tarakimu. Hicho ni Kigujarati, lugha ya Wahindi wengi wa maduka ya hapa. Wala si babu yako aliyeandika. Ni mkono wa karani wa duka la jumla, na daftari ni hesabu ya babu yako kwa mwenye duka hilo: upande mmoja mali aliyochukua, upande wa pili fedha alizorudisha.

Maana yake ni kwamba babu yako na yule Mhindi hawakuwa wakishindana. Mmoja alikuwa mteja wa mwenzake. Sukari ilishuka melini ikaingia kwa Mhindi kwa mamia ya magunia. Ikatoka hapo kwenda kwa Mshihiri gunia moja moja. Kwa Mshihiri ikatoka kwenda nyumbani kwa Mzaramo kwa kibaba, kwa robo, na mwisho wa mwezi kwa kijiko kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kila mkono ulipata faida yake, lakini faida ya magunia mia si faida ya gunia moja. Mama yako yuko sahihi kuhusu upepo. Ni kaskazi hiyohiyo iliyowaleta wote wawili. Walichokuja nacho ndicho kilichotofautiana, na serikali waliyoikuta hapa ikaipanua tofauti hiyo.

Wahindi kwanza. Wengi wao walitoka Kutch na Kathiawar, magharibi ya India, na wengi walipitia Unguja kabla ya kuja Mrima, pwani yetu ya bara. Sayyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walikuwa tayari wakikopesha misafara ya bara. Wajerumani walipohamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar mwaka 1891, fedha za Wahindi zilihama nao. Ukienda Muhimbili utakuta jengo la Sewahaji. Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki 1897, ambaye fedha zake zilijenga hospitali ya wenyeji hapa mjini mwaka huohuo. Babu yako alipotia mguu bandarini, jamii ile ilikuwa na vizazi viwili vitatu vya mtaji mbele yake.

Lakini mtaji peke yake haukutosha. Kilichofanya kazi ni utaratibu. Kijana wa Kigujarati aliitwa na mjomba au na mtu wa kijiji chake. Alifika, akalala stoo, akafanya kazi miaka kadhaa kwa chakula na posho ndogo, akajifunza Kiswahili cha dukani na hesabu za dukani. Akishaaminika, mjomba alimpa mali kwa mkopo akafungue tawi mtaa wa pili au Morogoro au Kilosa. Hakuhitaji benki, ukoo wake ndio uliokuwa benki. Hebu sikiliza maneno tunayotumia kila siku: hundi, bima, laki. Yote matatu yametoka India. Lugha yetu iliyapokea kutoka kwa watu waliokuja nayo kama zana za kazi, kama vile fundi anavyokuja na nyundo.

Na jambo ambalo watu hulipita haraka: walikuja na wake zao. Si wa mwanzo kabisa, lakini tangu kuanza kwa karne ya 20 familia za Kihindi zilizidi kuja nzima nzima. Mke alifunga mizigo, alikaa kaunta mume akiwa bandarini, alipika chakula cha vijana wote waliolala stoo. Watoto walizaliwa hapa wakasomea hapa. Faida iligeuka jengo hapa, maana hapa ndipo familia ilipo.

Sasa babu yako. Hadhramaut ni nchi kavu. Mabonde machache yana mitende, na mvua ikikosa misimu miwili watu wanahama. Vijana wa Shihr, Mukalla na vijiji vya bondeni walikwenda Java, Singapore, Hyderabad, na wengine wakaja huku. Jina Mshihiri limetokana na bandari ya Shihr, ingawa wengi wetu tulimwita hivyo kila mtu wa Hadhramaut. Walikuja peke yao, wanaume watupu, wengi bila senti. Walianzia kazi ambazo hazihitaji mtaji: uhamali, kubeba maji, kuuza kahawa. Birika la shaba, jiko la mkaa chini yake, vikombe viwili vya udongo vikigonganishwa kiganjani ili mtaa ujue anapita, kashata kwenye sinia. Yule unayemwona leo jioni pembeni ya baraza Kariakoo ameirithi kazi hiyo, ingawa siku hizi mara nyingi yeye si Mshihiri.

Akishaweka akiba, Mshihiri alifungua duka, na mara nyingi alilifungua kwa ubia. Wabia wawili au watatu waliweka fedha pamoja. Mmoja akakaa dukani miaka miwili, mwenzake akarudi Hadhramaut kwa mke na wazazi, kisha wakabadilishana. Duka halikufungwa hata siku moja. Ni mpango wa akili, na uliwabeba wengi. Lakini angalia fedha inakokwenda. Kila msimu sehemu kubwa ya faida ilipanda jahazi: mahari ya ndugu, kisima cha kijiji, nyumba ya udongo ya ghorofa kule bondeni. Mhindi naye alituma fedha Gujarat, sikatai. Ila familia yake ilipokwisha hamia Dar, kule kwao kukabaki kwa salamu na mahari. Kwa Mshihiri, nyumbani kulibaki Hadhramaut kwa miaka mingi, na duka la Kariakoo lilikuwa kisima cha kuchota.

Nimekulia Gerezani, na duka la pembeni mwa nyumba yetu lilikuwa la Mshihiri. Nilitumwa pale kila asubuhi. Alilala juu ya kaunta hiyohiyo aliyouzia, na usiku ungeweza kumgongea dirisha kwa kibiriti akakupa. Nyuma ya mlango alikuwa na kipande cha ubao cha madeni ya mtaa mzima, majina kwa herufi za Kiarabu na vijistari mbele ya kila jina. Baba yangu alikuwa na vijistari vingi kila ifikapo tarehe 20. Sikuwahi kumsikia akimdai kwa sauti. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba kila kijistari pale nyuma ya mlango kilikuwa na ndugu yake upande wa pili wa Mnazi Mmoja, kwenye daftari la Kigujarati kama hilo la mama yako. Yule bwana alikuwa amekaa katikati ya deni letu na deni lake.

Mnazi Mmoja yenyewe si uwanja tu. Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji, na Waingereza wakaukamilisha: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Kariakoo kwa Waafrika, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukiwatenganisha. Karatasi za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo. Katikati ya mji ulitakiwa kujenga kwa mawe au saruji, na Kariakoo iliruhusiwa nyumba ya fito na udongo. Matokeo yalikuwa yaleyale. Mhindi aliyejenga duka la saruji Mtaa wa India, akaishi juu na kuuza chini, alikuwa na hati na jengo ambalo benki ililikubali kama dhamana. Mshihiri aliyenunua nyumba ya Kiswahili Kariakoo, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, alikuwa na mahali pazuri pa kuishi na kupangisha, lakini dhamana haikuwa hiyo. Wapo Wahindi waliofungua maduka Kariakoo pia, tena wengi. Ila jumla ilibaki ng'ambo ile.

Halafu kuna mtu wa tatu ambaye mama yako hamtaji, naye ni bibi yako na ndugu zake. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, mahakama haikumsaidia kudai. Walisema ni kumlinda Mwafrika asifilisiwe. Kilichotokea ni kwamba Mzaramo mwenye akili ya biashara na mwaminifu kama babu yako, au zaidi yake, hakupata gunia la mkopo pale kwenye jumla. Mwarabu alipata, kwa sababu kisheria hakuhesabiwa mwenyeji. Kwa hiyo babu yako hakuwa chini kabisa ya ngazi. Alikuwa na watu chini yake waliofungiwa mlango ambao yeye aliachiwa wazi, na kati yao walikuwamo mashemeji zake. Nakueleza hili kwa sababu familia nyingi zenye asili mbili hukumbuka dhuluma ya upande mmoja tu.

Mwaka huohuo 1923 serikali ilitaka pia wafanyabiashara waandike hesabu zao kwa Kiingereza au Kiswahili, wakati vitabu vya Wahindi vilikuwa vya Kigujarati. Pamoja na kodi mpya za biashara, hilo liliwaudhi kiasi kwamba walifunga maduka nchi nzima kwa karibu miezi miwili. Ni mgomo mkubwa. Wangeshindwa kabisa, daftari la mama yako lisingekuwa na herufi zile.

Kwa nini babu yako alioa Mzaramo na Mhindi wa jumla hakuoa? Wengi husema Wahindi wana kiburi. Kiburi kilikuwepo, sitakificha. Lakini kuna jambo la chini zaidi. Washihiri ni Wasuni wa madhehebu ya Shafi, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Shafi vilevile. Babu yako alisali msikiti mmoja na wakwe zake, alisoma maulidi yaleyale, na walimu wengi wa dini waliotufundisha sisi walikuwa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Kadhi mmoja, hitima moja. Aliyekuja bila mke akakuta watu wa dini yake na adabu yake angeoa wapi kwingine? Wahindi, kwa upande wao, hata wao kwa wao hawakuoana. Ismailia, Ithnaasheri, Bohora, Walohana, Wapatel, Kalasinga, Wagoa: kila kundi na mahali pake pa ibada, shule yake na makaburi yake au mahali pake pa kuchomea maiti. Sisi tuliwaona kama kitu kimoja kwa sababu tulikuwa nje. Na ndani yao walikuwamo madobi, washona viatu na wafua bati ambao hawakuwahi kumiliki ghorofa lolote.

Hivyo vikundi vidogovidogo ndivyo vilivyokuwa nguvu yao kubwa. Agosti 1946 Aga Khan wa tatu, kiongozi wa Waismailia, alipimwa kwa uzito wa almasi hapa Dar es Salaam. Watu wanakumbuka almasi na shangwe, na wanaujua ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga bila kujiuliza jina limetoka wapi. Michango ile haikuliwa. Iliingia kwenye mfuko wa uwekezaji uliowakopesha Waismailia kujenga nyumba na kupanua biashara kwa riba nafuu. Shule zilijengwa, wasichana wakahimizwa kusoma, nyumba za ushirika zikasimama Upanga miaka ya 1950. Mjane wa Kiismailia hakutolewa nyumbani. Mtoto wa fundi cherehani angeweza kuwa daktari.

Washihiri hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Walikuwa na huruma, walikuwa na ubia wa watu watatu, walikuwa na misikiti. Hawakuwa na mfuko wa kumkopesha kijana ambaye si ndugu wa mtu. Na kwa idadi walikuwa wachache. Sensa ya 1957 ilikuta mji huu una watu wapatao 129,000, karibu mmoja kati ya watano akiwa Mhindi. Waarabu wote kwa pamoja, Washihiri na Wamanga wa Oman, walikuwa sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Tena watoto wao walikuwa wakigeuka Waswahili, kama mama yako. Kuchanganyika kuliwapa jamaa, lugha na makaburi katika nchi hii. Lakini mtoto aliyezaliwa Kariakoo na mama Mzaramo hakuwa na jamii ya kumchangia ada kama Mshihiri.

Nikiishia hapo utaona kama Mhindi alipanda ngazi moja kwa moja hadi leo. Hapana. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa Februari, na biashara kubwa ya kuagiza na ya jumla ikaanza kuingia mikononi mwa mashirika ya umma. Novemba mwaka huohuo Yemen ya Kusini ilipata uhuru, na baadaye serikali yake ya kijamaa ikaanza nayo kutaifisha. Fikiria hali ya babu yako: hapa mwenye jumla wake ananyang'anywa jumla, kule nyumbani kwake njia inafungwa. Mwaka mmoja umeanza kumkatia kamba mbili.

Kisha Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Karibu yote yalikuwa ya Wahindi. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Familia iliyokuwa ikiishi juu ya duka ikaamka ni mpangaji wa Msajili wa Majumba, mtunzaji wa majengo yaliyotaifishwa, ndani ya jengo alilojenga babu yao. Maelfu waliondoka, wengi wakaenda Canada na Uingereza. Kwa hiyo maghorofa mengi mnayoyaona mkipita Kisutu, yale ya zamani yenye roshani za chuma, si mali ya Wahindi wanaoishi ndani. Ni ya Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi majengo ya Msajili mwaka 1990. Mwambie mama. Baadhi ya wazee anaowaonea wivu pale dirishani ni wapangaji.

Nyumba ya babu yako, ya vyumba sita, haikufika thamani ile, na ikanusurika. Unyonge ule uliomnyima mkopo wa benki ndio uliomwokolea nyumba.

Kwa hiyo mwaka 1975 hivi, mwanangu, pengo lilikuwa limepungua sana. Lilichipuka upya baada ya 1984, serikali ilipolegeza biashara na kuruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa amezipata wapi. Nani alikuwa na fedha za kigeni? Mwenye ndugu nje. Wale waliofukuzwa na hofu ya 1971 sasa walikuwa Toronto, Leicester na London, na kontena la kwanza liliweza kuanzia huko. Washihiri wenye ndugu Jeddah na Dubai walifanya hivyohivyo, na wakapanda. Jina la Bakhresa lina ile "Ba" ya Hadhramaut, na biashara ile ilianzia kwenye mgahawa mdogo hapahapa mjini. Mohammed Dewji ni wa jamii ya Kihindi, na kampuni ya familia yake ilipanuka sana serikali ilipokuwa ikiuza viwanda vya umma. Waliopata mlango wazi na mtaji kwa wakati mmoja wametoka pande zote mbili. Babu yako wakati huo alikuwa mzee, ndugu zake wa Hadhramaut hakuwa amewaona miaka ishirini.

Nyumba kuuzwa 1992 sishangai. Naona kisa hicho kila ninapofungua historia ya kiwanja cha Kariakoo. Mzee anakufa, ameacha mke, watoto sita, pengine na watoto wengine kule Hadhramaut. Mirathi inagawanywa kwa sheria ya dini, kila mmoja ana fungu lake, hakuna mwenye uwezo wa kuwanunua wenzake, basi wanauza na kugawana fedha. Fungu la mama yako ndilo hicho kiwanja cha Mbagala. Miaka michache baadaye Kariakoo ikaanza kupanda maghorofa, na wenye viwanja waliosubiri wakaingia ubia na wajenzi, wakapewa sakafu mbili tatu kwa kutoa ardhi tu. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimeandikisha biashara zao kama kampuni, na hisa hugawanyika bila kuvunja ukuta. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki hivyo. Hapa ndipo mlipoachwa, na msichukue lawama hiyo mkampa babu.

Sasa daftari. Usilitoe nyumbani, piga picha kila ukurasa. Kisutu na Upanga wapo wazee wanaosoma Kigujarati cha dukani, nenda na mama yako kwa mmoja wao, msalimie vizuri, atakusomea kwa furaha. Usishtuke akikusomea mwaka 2010. Makarani wale walitumia kalenda ya Kihindi ya Vikram, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 au 57, na hesabu mpya ilifunguliwa sikukuu ya Diwali. Mwaka 2010 wao ni kati ya 1953 na 1954 yetu. Mwombe asome kurasa za mwisho kwa makini. Zikiishia 2023 au 2024, ni wakati ule jumla ilipoanza kuchukuliwa na serikali. Zikifika 2027, ni mwaka wa majengo. Na aangalie kama chini kabisa hesabu imefungwa. Kama safu ya mali ni kubwa kuliko safu ya malipo na hakuna mstari wa kufunga, basi mwenye jumla aliondoka akimdai babu yako, na hakurudi kudai.